Mwezi Gani Nimpeleke Mama Tromsø

Kila niliyemdokeza kwamba tunajiandaa kwenda Norwei kumtembelea dada ameniambia nendeni Juni, baridi inakuwa imepungua. Wakala wa tiketi kasema hivyo, majirani wenye watoto Ulaya wamesema hivyo, na dada mwenyewe mwanzoni alisema hivyo hivyo. Wote wana nia njema. Ila kwa mama yangu Juni haifai, na leo nataka niandike kwa nini.

Dada anaishi Tromsø, mji uliojengwa kisiwani kaskazini kabisa mwa Norwei, zaidi ya kilomita 300 juu ya mstari wa Aktiki. Huko, kuanzia karibu na tarehe 20 Mei hadi wiki ya tatu ya Julai, jua halizami. Usiku wa manane linashuka upande wa kaskazini, linaambaa juu ya upeo, kisha linapanda tena. Halafu mwisho wa Novemba linapotea, na halichomozi mpaka katikati ya Januari. Mchana wa miezi hiyo ni weupe wa saa chache tu, wenye rangi ya buluu, kisha giza linarudi.

Nilipomweleza mama hayo alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa Magharibi nitaiswali saa ngapi, mwanangu?"

Hakuna hata mmoja wa wale washauri aliyeligusa hilo. Mama amezaliwa Tanga na kuzeekea Tanga. Hapa kwetu siku ndefu na siku fupi ya mwaka zinapishana kama nusu saa tu. Yeye hahitaji saa ya ukutani. Anatazama kivuli cha mwembe uani, anajua Alasiri imeingia. Anaona wekundu umeondoka upande wa bara, anajua Isha imewadia. Umri wake wote ibada yake imeshikana na jua, na jua la kwetu halijawahi kumyumbisha.

Nikaenda kumuuliza ustadh wetu. Akanisomea hadithi iliyo katika Sahihi Muslim, pale Mtume (s.a.w.) alipozungumzia siku za Dajali, kwamba siku moja itakuwa kama mwaka. Masahaba wakauliza kama sala za siku moja zitatosha kwa siku hiyo. Akawaambia la, kadirieni kwa kipimo chake. Kutokana na hapo wanazuoni wameruhusu watu wa kaskazini wafuate nyakati za mji ulio karibu nao ambako usiku na mchana bado vinatofautiana, na wengine wameruhusu nyakati za Makka. Dada anasema wenzake msikitini huko hufuata saa za Makka jua linapokuwa halizami. Nilifikiria pia ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya sala, lakini kwa madhehebu yetu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi huyo si msafiri tena, na mama anataka kukaa mwezi mzima na wajukuu.

Kwa hiyo sheria haina tatizo, njia ipo. Lakini nilimwona mama usoni. Kuambiwa "sasa hivi ni usiku, swali Isha" na huku jua linakuchoma macho dirishani, kwa mtu wa umri wake, ni kumtwisha mzigo ambao si wa lazima. Anakwenda kupumzika na watoto wake. Sitaki akae huko akiona kila sala yake ina walakini.

Ndipo dada akanitumia ratiba ya sala za Tromsø za mwezi wa Septemba. Niliisoma mara mbili. Siku za tarehe 22 na 23 Septemba jua linakuwa sawasawa na ikweta, na karibu kila mahali duniani mchana na usiku vinakuwa sawa. Hata Tromsø. Kwa siku hizo mchana wa kule ni kama saa kumi na mbili na ushee, kama wa kwetu. Alfajiri ipo, Magharibi ipo, na giza kamili la Isha, ambalo kiangazi hupotea kabisa, linakuwa limerudi. Tatizo ni kwamba hali hiyo haidumu. Mchana unapungua karibu dakika tisa kila siku, kwa hiyo ndani ya wiki moja saa nzima imekwenda. Tukiingia katikati ya Septemba na kuondoka katikati ya Oktoba, mama atalazimika kufuata ratiba kwa makini zaidi kuliko alivyozoea, lakini kila wakati wa sala atauona kwa macho yake.

Septemba ina mengine mazuri. Maulidi ya mwaka huu wa 2026 yanaangukia mwishoni mwa Agosti, na mama Maulidi ya Mfunguo Sita hayakosi, kwa hiyo yatakuwa yameshapita kabla hatujasafiri. Baridi inakuwa ya nyuzi kama nne hadi kumi, ya kuvumilika kwa koti na soksi za sufu. Na giza likirudi, zile taa za kaskazini zinaonekana: mwanga wa kijani unaotembea angani, chembe kutoka kwenye jua zinapogonga hewa ya juu, zaidi ya kilomita mia moja kutoka ardhini. Wanaokwenda Juni hawazioni kamwe. Nimemwonyesha mama picha, akasema "Subhanallah", akataka nimrudishie tena.

Kuna jambo jingine limenigusa nilipokuwa natafuta kibla. Tanga tunaelekea kaskazini, karibu moja kwa moja. Kutoka Tromsø kibla kiko kusini, kimeegemea mashariki kidogo. Maana yake miaka yote hii mama na dada wameswali wakielekeana, Makka ikiwa katikati yao, na safari hii watasimama safu moja.

Chakula hakinitii wasiwasi. Mji ule unakula samaki, na wana samaki wanaomkausha kwa upepo wa baridi bila chumvi, ambaye mama ameshaamua kwamba ni ng'onda.

Kilichobaki ni makaratasi. Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ni ile ile ya siku zisizozidi 90, ada euro 90, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Maombi yanapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ninachokihofia ni alama za vidole. Mama amesuka ukili tangu utotoni, ncha za vidole vyake zimelainika kabisa, na wakati wa pasipoti mashine ilimkataa mara kadhaa mpaka binti mmoja pale akamfutia mikono kwa kitambaa chenye maji, akambonyezea kidole kimoja kimoja kwa upole. Nimemwomba apumzishe ukili wiki mbili kabla ya miadi na apake mafuta ya nazi kila usiku. Amekubali, ila anataka kwanza amalizie mkeka wa kumpelekea dada.