Kufuli la ukumbini Lindi

Nilipanda basi la kusini pale Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, naenda Lindi kwenye harusi ya mtoto wa shangazi. Nilipewa kiti ubavuni mwa mlango wa dharura, nao ulikuwa umezibwa na magunia mawili na ndoo ya mtu. Nilimwambia kondakta, akacheka.

Labda ndiyo maana ile picha haikunitoka. Mpwa wangu, anayesomea mambo ya zimamoto, alikuwa amenitumia kwenye simu: ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Iroquois, Chicago, Marekani, baada ya moto wa Desemba 30, 1903. Hakuna maiti wala moshi. Ni safu kwa safu za viti vilivyoungua, utadhani watazamaji wametoka mara moja kununua karanga. Watu wasiopungua 602 walipoteza maisha kwa moto ule wa alasiri moja, wengi wao wanawake na watoto, maana shule zilikuwa likizo. Jengo halikuwa limetimiza hata wiki sita tangu lifunguliwe, na lilitangazwa kuwa haliungui kabisa. Taa ya jukwaani iliwasha kitambaa. Pazia la asbesto lililotakiwa kushuka kuuzuia moto likakwama njiani.

Tukavuka Rufiji kwa daraja la Mkapa. Somanga nikanunua pweza wa kukaanga (chumvi ilizidi, nikamla wote). Nangurukuru wa Kilwa wakashuka. Bahari ilipojitokeza mkono wa kushoto, simu nikaizima.

Jioni, kabla wageni hawajajaa ukumbini, nikauona mlango wa pembeni: mnyororo, na kufuli kubwa kama ngumi. Mlinzi, mzee wa makamo ya babu yangu, alikuwa amekaa karibu yake.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Mbona huu umefungwa?”

“Wazamiaji hao! Mtu ana kadi ya singo, wenzake watatu wanazungukia huku.”

Mwili ukanisisimka. Kule Chicago nako kulikuwa na mageti ya chuma kwenye ngazi, yakifungwa onyesho likiendelea, ili wenye tiketi za bei ya chini kule juu wasije wakashukia viti vya wenye pesa. Watu walifia kwenye mageti hayo. Kumbe mzamiaji ana umri wa zaidi ya miaka 120.

Nikamwonyesha picha. Akaisogeza mbali na macho, akaikodolea kwa muda mrefu.

“Na watu wenyewe?”

“Walishatolewa, babu.”

Hakujibu. Alipapasa mfuko wa koti, akatoa ufunguo, akafungua kufuli, mnyororo akauviringa mkononi. Kisha akabeba kiti chake cha plastiki hadi nje, akakiweka kando ya mlango.

Saa nne usiku, katikati ya muziki, nikamsikia anafoka: “Wewe! Kadi yako iko wapi?”