Ngiri ya mzee: tulianza na ganzi

Baba ni fundi wa majahazi huku Matondoni, kisiwani Lamu, na mshipa wake, yaani ngiri, utumbo unaosukumwa nje palipolegea kinenani, aliuficha kwa mikunjo ya kikoi mpaka uvimbe ukashuka kwenye korodani. Akilala haukurudi wenyewe. Sharti ausukume kwa kiganja.

Dada yangu aliye Mombasa alishikilia upasuaji wa matundu: kamera inaingia, vidonda ni vidogo, mtu anainuka mapema. Ni kweli, na kwa kijana mwenye mapafu mazima, au mwenye ngiri pande zote mbili, ningemuunga mkono. Lakini njia hiyo kwa kawaida hutaka nusu kaputi na gesi ya kutanua nafasi ndani. Baba ana miaka 74, ana presha, na amevuta tumbaku tangu ujana. Daktari hakuanza na kamera. Alimuuliza, “Mzee wangu, ukitembea mpaka msikitini unahema? Usiku unaamka kukojoa?” La mkojo lilinishangaza. Kumbe tezi dume iliyovimba humfanya mzee ajikamue, na kule kujikamua huisukuma ngiri. Tena sindano ya ganzi ya mgongoni inaweza kumfungia mkojo baada ya upasuaji.

Ikabaki njia ya Lichtenstein: mkato mmoja kinenani, wavu wa plastiki unatandikwa palipolegea, na yote yanawezekana kwa ganzi ya pale pale, mgonjwa akiwa macho. Kwa njia ya Bassini, ya tangu miaka ya 1880, nyama zilivutwa zikashonwa pamoja, na ngiri ilirudi kwa wengi zaidi. Baba alilielewa hili upesi kuliko sisi: tanga lililochanika halivutwi kingo, hutiwa kiraka.

Wavu nao una bei. Utafiti wa Uganda uliochapishwa 2016 ulilinganisha kitambaa cha chandarua kilichotakaswa kitaalamu na wavu ghali wa kiwandani. Baada ya mwaka mmoja matokeo hayakutofautiana kwa maana. Natamani hospitali zetu za pwani zilitazame jambo hili kwa dhati.

Je, angengoja? Utafiti wa Marekani wa 2006 ulionyesha kwamba mwanamume ambaye ngiri haimsumbui anaweza kungoja. Waliokabwa utumbo ghafla walikuwa chini ya 2 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Ila ya baba ilimuuma, na sisi tuko kisiwani. Ikikaba usiku, maji yamepwa, tungempeleka na nini?

Alifanyiwa kwa ganzi, akizungumza na muuguzi habari za mbao, na alipokojoa vizuri wakamruhusu jioni ile ile.

Kwa kina mama wazee hesabu ni nyingine: ngiri yao ya juu ya paja hukaba kwa urahisi, haifai kungojewa. Na kwa yeyote, uvimbe ukigoma kurudi, ukauma, akaanza kutapika, msijadili njia tena. Tafuteni boti.