Nasoma saikolojia, na hapana, siwezi kusoma mawazo yako

Aisee nikisema nasoma saikolojia majibu ni yale yale, wa rika langu ataniambia haya niambie nawaza nini, mtu mzima atauliza kwa hiyo ukimaliza unapangiwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili? Shangazi yeye kwenye vikao vya familia ananitambulisha kama daktari wa vichaa mtarajiwa, nimechoka kumwelewesha kwamba huyo anaanza na udaktari kwanza, miaka mitano, ndo baadaye anabobea kwenye magonjwa ya akili. Mimi niko kwenye digrii ya miaka mitatu na adui yangu mkubwa ni takwimu. Hiyo hakuna anayekwambia wakati unaomba chuo, unakuja ukijua utachambua ndoto za watu, kumbe ni SPSS, ile programu ya takwimu, usiku kucha na sapu ya kurudia mtihani inakunyemelea.

Ila kuna vitu vinanikamata bwana. Juzi tulikuwa kwenye utafiti wa Loftus na Palmer, Marekani 1974. Wanafunzi 150 walioneshwa kifilamu cha ajali ya magari, 50 wakaulizwa magari yalikuwa na spidi gani yalipogongana, 50 wengine yalipopondana, waliobaki hawakuulizwa spidi. Baada ya wiki wakaulizwa wote, mliona vioo vimevunjika? Vioo havikuwepo kabisa! Lakini kundi la kupondana watu 16 walisema wameviona, la kugongana 7. Sasa siku hizi ajali ikitokea pale kijiweni kwa bodaboda, na kila mtu kaona kwa macho yake, mi namsikiliza anayeuliza. Trafiki akianza na "huyu si alikuwa anakimbiza sana eeh?" nshajua mashahidi watasema nini.

Ajira sasa. Waliotutangulia wengi wako HR, wengine wanazunguka na tableti kuuliza akina mama wanatumia sabuni gani, wachache wako shule binafsi wanashauri wanafunzi. Ukitaka kutibu watu kwa mazungumzo kiukweli lazima uongeze masters, na hela yenyewe ndo hiyo ya boom, posho ya mkopo wa chuo, inayoisha kabla mwezi haujaisha. Kenya wana sheria ya kusimamia washauri na wanasaikolojia tangu 2014. Mtandaoni huku mtu akiachwa leo, kesho kafungua ukurasa, keshakuwa mshauri wa mahusiano.

Kinachonifanya nisihame kozi ni habari ya Zimbabwe. Dixon Chibanda, daktari wa akili, aliona wataalamu hawatoshi hata kidogo, 2006 akaanza kuwafundisha mabibi wa Harare, wahudumu wa afya wa mtaani, wakae na mtu kwenye benchi nje ya kliniki wamsikilize na kumsaidia kutatua shida moja kwanza. Matokeo ya utafiti yalitoka 2016, waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi! Bila SPSS!

Fildi ya mafunzo kwa vitendo mwaka huu nimepata sehemu mbili, HR ya kampuni moja mjini, wanatoa nauli na chakula, na kliniki ya CTC, ya wanaoishi na VVU, kwenye ushauri nasaha ambako hawatoi hata maji. Baba kasema HR, mjadala umefungwa. Barua ya kliniki nshapeleka jana, yeye bado hajui.