Nilivyorudisha damu bila nyama wala samaki

Nilipoacha nyama, samaki, mayai na maziwa hapa Lamu, nilishiba wali wa nazi na mchicha, lakini kupanda ngazi za nyumbani nikawa nahema. Kipimo kikaonyesha damu imepungua.

Kosa kubwa lilikuwa chai ya rangi. Nilikuwa nainywa pamoja na chakula, nayo hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na kunde, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Nikaisogeza hadi saa nzima baada ya kula. Kila mlo nikaongeza mbaazi, kunde au pojo, kisha nikakamulia ndimu juu, maana vitamini C husaidia mwili kuyafyonza. Mbaazi za nazi kwa mahamri, wallahi, sijazichoka hadi leo!

Vitamini B12, ambayo nayo mwili huihitaji kutengeneza damu, haipatikani kwenye mboga wala nafaka, kwa hiyo nameza vidonge. Baada ya miezi 3, damu ilipanda.