Desemba nzima status yangu ilikuwa ya majirani

Mtu wa kwanza niliyemweleza nia yangu ya kutangaza kazi za mafundi wadogo kwenye status yangu ya WhatsApp kuelekea Krismasi alisema, "Dai kamisheni, usifanye kazi ya bure." Wa pili, kijana anayejiita mtaalamu wa masoko ya mtandaoni, akanishauri nitafute kwanza wafuasi elfu kumi, hata kwa kuwanunua. Niliwasikiliza wote kwa heshima na sikufuata hata neno moja. Naandika kwa sababu nauona ushauri huo ukizunguka kila mwisho wa mwaka na unaniudhi.

Mimi siuzi kitu. Ni mhasibu wa ofisi ndogo hapa Dar. Nilichonacho ni namba za watu kwenye simu: niliosoma nao, wa kanisani, wa kikoba, pamoja na ukoo wetu wa Moshi uliotapakaa kuanzia Kimara mpaka Mbagala. Ni mia chache tu, lakini wananijua. Nikisema gauni hili kashona fulani, wamekwisha kuniona nimelivaa. Wafuasi wa kununua hawashoneshi gauni.

Nilichagua watatu ambao mwaka mzima nawapa hela yangu mwenyewe: fundi cherehani wa Magomeni, mama anayepika visheti na kashata Tabata, na mzee mchonga vinyago wa pale Mwenge. Wengine waliomba niwaingize nikakataa, maana kazi yao sijaitumia na siwezi kuisemea. Watatu wangu niliwaomba ruhusa kwanza. Mzee wa Mwenge alitaka aone kila picha kabla sijairusha, na alikuwa na haki.

Sasa fundi. Kila mtu wa Dar anamjua fundi wa Desemba: kitenge unapeleka mapema, unaambiwa njoo kesho, kesho inazaa kesho nyingine, tarehe 24 usiku unakuta hata mkasi haujagusa kitambaa. Fundi wangu si wa hivyo, ila mgeni atajuaje? Picha ya gauni zuri haimtoi mtu hofu hiyo. Hofu yake ni tarehe.

Kwa hiyo nilimwomba anionyeshe daftari la oda. Tukakubaliana akate vipande vya karatasi, aandike siku aliyoahidi, abane kila kipande kwa pini kwenye nguo husika. Kila jioni nikitoka kazini nilipita pale, napiga picha kamba yote ya nguo zilizokamilika, tarehe zinasomeka. Niliandika tu: "Ahadi tarehe 12. Leo tarehe 10. Zimeisha." Status inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo kesho yake nakuja na kamba mpya, na wanaofuatilia wanaona zile za jana zimechukuliwa na nyingine zimeingia. Binamu yangu mmoja, ambaye fundi wa kwao alishamliza mwaka uliopita, akaniandikia, "Dada, hizo karatasi ni za kweli?" Nikamjibu aende Magomeni akajionee. Alikwenda, akaacha vitambaa vya watoto watatu na cha mama mkwe.

Kisha likaja lililonifurahisha kuliko yote. Daftari lilipojaa, yule mtaalamu alisema tuendelee kupokea, sikukuu ni mara moja kwa mwaka. Fundi akakataa. Nikarusha picha ya daftari limefungwa, mkasi juu yake: "Nguo za Krismasi basi. Za mwaka mpya anapokea mpaka tarehe 20." Usiku ule simu yangu haikutulia. Watu waliokuwa wanasema "nitakuja" tangu Novemba walikuja asubuhi yake kwa ajili ya mwaka mpya. Fundi aliyekataa oda walimwamini kuliko anayezoa kila kitu.

Bei niliandika kila mara. Sijui nani alianzisha hii habari ya "bei inbox". Mtu yuko kwenye daladala, amebanwa, bando lake linakaribia kuisha, wewe unamtaka aanze kukuamkia ndipo aambiwe ni elfu ngapi! Weka bei, weka mahali, weka mwisho wa kupokea. Namba niliiweka kwa mtindo wa wa.me, alama ya mkwaju (/), 255, kisha namba bila ile sifuri ya mbele. Mtu akigusa anaingia moja kwa moja WhatsApp kwa fundi, si kwangu. Kwenye maelezo ya picha za Instagram kiungo hakifunguki, kwa hiyo huko niliandika namba ya kawaida.

Hela sikuigusa. Kila mmoja alilipwa kwenye simu yake, na niliwaambia watu jina litakalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likitokea jina jingine, asitume. Desemba matapeli hawalali.

Mama wa visheti hakunipa shida, watu wa Dar visheti hawahitaji kuelezwa. Kazi ilikuwa usafiri tu. Tulizipanga oda kwa barabara: za Morogoro Road siku moja, za Kilwa Road siku nyingine, bodaboda mmoja anabeba za njia moja na gharama inagawanywa. Vuli ikinyesha na bonde la Jangwani likiwa na maji, tuliwatangazia mapema kwamba mzigo utachelewa. Za ndugu wa Moshi zilipanda basi pale Mbezi.

Kwa mzee wa Mwenge, kilichouza ni video fupi ya gogo. Wanunuzi wengi wanaogopa kinyago cha mti mweupe kilichopakwa kiwi ya viatu kikaitwa mpingo. Nilimwomba ashike gogo ambalo hajalimaliza: nje kuna tabaka la rangi hafifu, ndani ndiyo ile nyeusi yenyewe, na tezo lake, kile kishoka cha kuchongea, linapita katikati ya rangi hizo mbili. Kisha akafuta kinyago kilichokamilika kwa kitambaa cheupe chenye maji, akakionyesha kitambaa kikiwa cheupe vilevile. Nilipiga saa mbili asubuhi, nje ya banda, kabla jua halijawa kali. Hakuna muziki, ni sauti ya tezo tu. Watu wenye ndugu waliorudi likizo kutoka Ulaya ndio waliomfuata zaidi, na mzee alinipigia akaniambia, "Mwanangu, hawa hawakuniuliza kama ni rangi."

Bando lilinila elfu ishirini na kitu, nauli sijahesabu.

Krismasi ilipopita fundi aliuliza kama tunaendelea. Shule zinafunguliwa Januari, na sasa hivi kamba yake ina sare. Bei ya sketi na shati ameshanipa, na vipimo anapokea mpaka Ijumaa.