Nakuaga

Jumamosi, 29 Juni 2024

Alikuwa akifunga kamba za viatu, wala hakuinua kichwa. "Mama, mimi sikuombi ruhusa. Nakuaga."

Leo siku ya tano nalirudia neno hilo. Nikijumlisha hesabu za duka nalisikia, nikiosha mchele nalisikia. Angesema "niruhusu" ningekataa, yakaisha. Lakini kuaga! Msafiri huaga, na marehemu naye tunasema ameaga dunia. Huyu kitinda mimba wangu mnamjua, Kiswahili chake cha kuokoteza. Sijui kama alijua alichokisema.

Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa tumebishana juu ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2024 hapa Kenya, ule wa ushuru mpya. Nilimwambia serikali mbaya huondolewa kwa kura, na 2027 si mbali. "Ushuru unaanza Julai, mama." Nikamwambia ule wa mkate si wameshautoa? "Wameutoa kwa hiari yao?" Hapo nikanyamaza, maana ile asilimia 16 ya mkate haikuondolewa na barua ya mtu. Na Ibara ya 37 ya katiba naijua: anayo haki ya kuandamana, kwa amani na bila silaha. Ila kule barabarani wako wenye silaha, na hao hawakuja kuandamana.

Bi Mkubwa, mama yangu, alikuwa na dawa yake. Mwaka 1992, chama cha Kiislamu cha IPK kiliponyimwa usajili na Mombasa ikachafuka, kaka yangu naye alitaka kutoka. Bi Mkubwa hakubishana naye. Alichukua mbuzi akaiweka mlangoni, akaikalia, akakuna nazi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nani atamruka mamake? Siku tatu tulikula wali wa nazi, maharagwe ya nazi, samaki wa kupaka, mpaka tukakinai. Mimi Jumanne nilitafuta mbinu kama hiyo nikaikosa. Nikampa chupa ya maji na shilingi mia mbili za matatu.

Wabunge 195 wakaupitisha mswada, Bunge likavamiwa, watoto wa watu wakapigwa risasi, kesho yake rais akakataa kuutia saini. Ya Jumanne niliyasikia redioni nimesimama dirishani, nikihesabu vijana wanaokata kona ya msikiti.

Wangu alikata kona magharibi ya siku hiyo hiyo. Macho mekundu, kiatu kimoja kimeachama. "Kuna chakula?" Hakuna salamu wala nini. Akala sahani mbili, akalala na soksi. Shati lake nililifua mwenyewe, likaniwasha macho, nikajikuta nacheka peke yangu bafuni kama mwehu.

Jana nikamsimulia Bi Mkubwa, nikijua nitasemwa.

"Kwa hiyo ulimwacha?"

"Aliniaga tu, mama."

"Afadhali wako aliaga. Kaka yako siku ile alitokea dirisha la jikoni."

Miaka 32 mimi sijui! Nikamuuliza alijuaje. Akasema alimwona kwa macho yake, akipita uchochoroni na ndara mkononi. Sasa mbona uliendelea kukuna nazi mpaka adhuhuri?

Hakunijibu. Alikuwa ameshika shavu. Lile jino la kushoto limeanza tena, uji wenyewe unamshinda, na daktari alishasema likirudi litang'olewa. Kwa umri wake na hiyo presha, naogopa hata kuuliza wanamchomaje ganzi.