Nilivyowachekesha Watoto kwa Lugha Ambayo Sikuzaliwa Nayo

Ninafanya kazi ya ualimu msaidizi katika kituo cha kulelea watoto jijini Houston, ambako wengi wa watoto wangu wanatoka katika nyumba zinazozungumza Kihispania. Nilipoomba nikabidhiwe saa ya hadithi ili niwasomee vitabu vya picha vya kuchekesha vilivyotafsiriwa kwa lugha yao, karibu kila mtu alinishauri niache, kwa madai kwamba aliyekulia Tanga hawezi kumchekesha mtoto kwa Kihispania. Leo saa hiyo ni yangu, na watoto wanagombea kukaa mbele.

Ushauri mbaya kuliko wote ulitoka kwa mkubwa wangu wa kazi, aliyetaka kila ukurasa usomwe kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kihispania. Kitabu cha siku hiyo kilikuwa ¡No dejes que la Paloma conduzca el autobús!, tafsiri ya kitabu cha Mo Willems cha mwaka 2003, ambamo dereva anaondoka na kuwaachia watoto jukumu la kumzuia njiwa asiendeshe basi, naye njiwa anabaki kuwabembeleza, kujaribu kuwahonga, na hatimaye kuwapandishia hasira. Uchekeshaji wake wote unategemea mtoto kukataa papo hapo. Nilipomaliza ombi la njiwa kwa Kiingereza, wanaokijua Kiingereza walipaza sauti kumkatalia. Nilipolirudia kwa Kihispania, hao walikuwa wameshachoka, na wenzao, ambao jibu walikuwa wamekwisha kulisikia, hawakuona sababu ya kulitoa tena. Tulipofika mahali ambapo njiwa anapayuka kwa herufi kubwa zinazojaza karatasi, nusu ya darasa ilikuwa ikichezea kamba za viatu. Utani hausemwi mara mbili kwa watu walewale, na sielewi kwa nini wanaotoa ushauri huu hawajawahi kuujaribu wenyewe mbele ya watoto wa miaka minne.

Niliomba ruhusa ya kusoma Kihispania kitupu, na darasa likafufuka. Watoto wa Kiingereza walifuata kwa picha, na kwa kuwa jibu la njiwa ni “no” katika lugha zote mbili, walikataa kwa sauti moja na wenzao.

Kilichonisaidia zaidi ni jambo ambalo Kihispania humpa msomaji bila malipo: alama za mshangao na za kuuliza huandikwa pia mwanzoni mwa maneno, zikiwa zimepinduliwa. Kwa hiyo hasira ya njiwa ninaiona kabla sijafungua kinywa. Jicho langu likigusa ¡ tu, ninavuta pumzi, ninanyamaza kidogo, ninawatazama watoto, kisha ninapayuka. Kile kimya kifupi ndicho kinachoanzisha kicheko, na ninakifanyia mazoezi usiku uliotangulia kwa kusoma kitabu kizima kwa sauti.

Matamshi, ambayo kila mtu aliniogopesha nayo, yalikuwa mepesi kuliko yote. Irabu ni zetu zilezile tano, mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, na ñ ni “ny” ya nyanya. Herufi j niliitamka kama “kh” ya kheri, hadi mama mmoja wa Honduras aliponieleza kwamba kwao ni “h” nyepesi tu.

Kwa anayeanza, ninapendekeza vitabu ambavyo kichekesho kinakaa kwenye picha. Yo quiero mi gorro, tafsiri ya kitabu cha Jon Klassen cha mwaka 2011, kina dubu anayeulizia kofia yake kwa wanyama wote, akiwemo sungura anayekana kwa maneno mengi huku ameivaa kichwani, nyekundu kabisa. Sisi tuliolelewa na sungura mjanja tunaijua sauti ya uongo huo. Ninaisoma haraka haraka, kisha ninanyamaza nikiwa nimeuelekeza ukurasa kwa watoto mpaka wa kwanza apige kelele kwamba kofia ni ile. Vitabu vya vina, kama Huevos verdes con jamón, ambacho Aída E. Marcuse alikitafsiri kutoka kwa Dr. Seuss, viachwe kwanza, kwa maana ukikwama katikati ya ubeti, kicheko chote kimepotea.

Fedha haikunisumbua: maktaba ya umma huviazima bure, na vilivyotumika hupatikana kwa dola chache. Ila tazama mahali kilipochapishwa, kwa sababu matoleo ya Uhispania huwasemesha watoto kwa namna ambayo wa Mexico na Honduras hawaisikii nyumbani.

Kila Aprili 30, siku ya watoto na vitabu iliyoanzishwa na mwandishi Pat Mora mwaka 1996, sasa ninawaalika wazazi waje kusikiliza. Mkubwa wangu naye huja, na agizo la lugha mbili ameliondoa.